Unahofia Nini Juu ya Mgonjwa Huyu?

Nisikilize kidogo kabla hujaingia zamu, wewe uliyevaa sare ya uuguzi hivi majuzi. Sitakuchelewesha. Nataka kukueleza jambo moja la kazi yetu ambalo halipimwi kwa kipimajoto wala halihifadhiwi kabatini, na muuguzi akilikosa, dawa zote za wodi hazimfai kitu. Ni namna ya kumkabidhi mgonjwa kwa mwenzako, na namna ya kumpokea.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa katika hospitali moja kubwa mjini Mombasa. Nilitoka kwetu Waa alfajiri, viatu vyeupe nimevifunga kwenye mfuko wa plastiki ili visiingie vumbi, nikavivaa nilipofika langoni. Wauguzi waliokuwa wakimaliza zamu walikuwa wameketi mezani, nasi tulioingia tukasimama nyuma yao. Mmoja wao akafungua kadeksi. Hilo ni jalada la kadi ngumu ambamo kila mgonjwa ana ukurasa wake, na muuguzi wa kila zamu huandika humo jinsi mgonjwa alivyoshinda au alivyolala. Akaanza kusoma kama mtu anayetangaza tanzia redioni. Kitanda cha kwanza, hali ile ile. Cha pili, hali ile ile, dripu inaendelea. Cha tatu, hana malalamiko. Akafika mwisho wa wodi kabla sijamaliza kufunga kifungo cha mkono.

Sista wa wodi, mama mrefu wa Kitaita aliyekuwa na macho ya kuona mpaka uvunguni, akanigeukia.

"Wewe mgeni, umesikia nini?"

"Nimesikia wagonjwa wana hali ile ile, Sista."

"Hali ipi?"

Nikaitazama kadeksi iliyokwisha kufungwa. Wenzangu wakacheka. Sista akawatazama mmoja mmoja, akasema, "Msimcheke. Nyinyi pia hamuijui."

Ripoti za wodi ile hazikubadilika. Lakini swali lake nililibeba nilikokwenda.

Nilipelekwa kwanza Mkongani, katika zahanati iliyokuwa na chumba kimoja cha kutibia na kingine cha kufungia majeraha. Watu wa kule ni wakulima. Walikuja na homa, na miguu iliyokatwa kwa jembe, na mara mojamoja mtu aliyeumwa na nyoka. Daktari hakuwapo. Mgonjwa akizidi, niliomba gari kutoka hospitali. Likifika, nilipata nafasi ya kusema maneno machache tu kwa muuguzi aliyekuja nalo, huku injini inanguruma na dereva anachungulia mawingu kwa sababu ya utelezi wa njiani. Nikajifunza kuanza na lile linalonitia hofu. Umri na jina na kijiji vingeweza kungoja. "Mama huyu anatokwa na damu, na sasa amekuwa baridi mikononi." Maneno kama hayo yalimfanya mwenzangu apande gari akijua aketi wapi na ashike nini.

Kutoka Mkongani nikahamishiwa Samburu ya huku pwani, katika kituo cha afya kando ya barabara kuu ya malori. Huko kazi yetu ilikuwa ajali, na wachungaji waliopigwa pembe na ng'ombe, na madereva wenye homa waliotaka sindano ya haraka waendelee na safari. Mkuu wangu alikuwa tabibu msimamizi wa kituo, tuliyemwita Daktari, mtu mfupi, mkavu wa maneno. Siku moja nilimpelekea taarifa ya majeruhi, nikamsomea vipimo vyote vinne, yaani joto, mapigo ya moyo, pumzi na presha. Akanisimamisha kwa kiganja.

"Nesi, hesabu nitazisoma mwenyewe. Wewe umekaa naye tangu asubuhi. Niambie moyo wako unakwambia nini, kisha uniambie kwa nini."

"Moyo wangu, Daktari?"

"Moyo wako. Ukiniambia bila sababu hiyo ni ramli, na mimi sikuajiri mpiga ramli. Ukiniambia na sababu yake, huo ndio uuguzi."

Hayo ndiyo masomo yangu mawili makubwa, nami niliyapata nje ya darasa. Niliyachukua nikaenda nayo pwani ya kusini, miaka ya mwisho ya tisini, nilipofanywa msimamizi wa wodi ya wanaume katika hospitali moja iliyo kando ya barabara iendayo Msambweni. Jina lake nitaliacha. Ilikuwa miaka ya mvua kubwa zilizokata barabara, malaria ilijaza vitanda, na wauguzi hatukutosha. Watumishi walikuwa mchanganyiko. Wengine walikuwa wenyeji wa huku, wengine walitoka bara na kupanga vyumba Ukunda, na nisikufiche, siku hizo watu wa huku na watu wa huko walikuwa wakitazamana kwa pembe ya jicho. Ndani ya wodi, alhamdulillahi, tulikula chungu kimoja.

Siku ya kwanza pale nikasikia tena wimbo ule ule. Mezani, kadeksi, kitanda cha kwanza, hali ile ile. Walioketi mbele yangu walikuwa wauguzi wazuri. Nitakutajia wawili tu. Mmoja ni Nesi Mwinyi, mwanamume wa upande wa Vanga, mkongwe wa kazi, mwenye mikono laini ya kutafuta mshipa na ulimi uliojaa mzaha. Wa pili ni Nesi Mueni, binti wa Ukambani, aliyekuwa bado ananukia chuo. Alikuwa na bidii ya mchwa, na Kiswahili chake kilichanganyika na maneno ya mtaani Ukunda.

Mueni ndiye aliyenifumbua macho, bila yeye kujua. Alinijia jikoni siku moja, amejishika kiuno.

"Sista, hawa wazee wa huku ni maajabu. Nimezunguka wodi nzima nikiwauliza hali. Wote wako sawa! Alhamdulillahi, njema. Alhamdulillahi, njema. Sasa kama wote wako poa, si tuwafungulie gate waende?"

Mwinyi alikuwa pale akinywa chai. "Wafungulie, mwanangu. Na yule mwenye mguu uliovunjika mfungulie wa kwanza."

Tukacheka, lakini kicheko changu kilikatika katikati. Kwa sababu niliona kosa letu lilipo, na lilikuwa kosa ambalo pengine lisingetokea mahali pengine.

Sisi watu wa pwani tumelelewa hivi: ukiulizwa hali, jibu la kwanza ni njema na shukrani kwa Mungu, hata kama nyumba inaungua nyuma yako. Shida husemwa baadaye, salamu zikishatulia, kwa mtu aliyekaa akaonyesha kwamba ana nafasi. Anayeanza na shida zake huonekana hakufunzwa kwao. Basi Mueni aliuliza hali, akajibiwa njema, akaandika kwenye kadeksi kwamba mgonjwa hana malalamiko, akaenda kitanda kinachofuata. Aliyaamini majibu ya adabu kama vile ni matokeo ya maabara. Mwinyi naye, ambaye ni mwenyeji na aliijua desturi hiyo kuliko mimi, alikuwa hayasikilizi kabisa. Kwake "njema" ilikuwa sauti tu, kama mlango unaofunguliwa. Mmoja aliamini kila kitu, mwingine hakusikia kitu, na wote wawili waliandika sentensi moja.

Nikaenda kwa Metroni, mkuu wa wauguzi wa hospitali nzima. Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyoning'inia kwa mkufu, aliyeweza kunyamazisha ukumbi kwa kuivaa tu. Nikamweleza ninalotaka. Ripoti itoke mezani iende kando ya kitanda. Anayetoka na anayeingia wasimame pamoja mbele ya kila mgonjwa. Anayeingia amsalimie mgonjwa, na asiulize la kazi mpaka salamu zimekwisha na mgonjwa amepewa nafasi ya kusema la pili. Kisha amgeukie mwenzake na kumwuliza: unahofia nini juu ya mgonjwa huyu, na kwa nini? Na jibu la "sihofii kitu" lisikubaliwe. Hata kama mgonjwa anaendelea vizuri, muuguzi aseme ni kitu gani kingeweza kumharibikia, na angekijua kwa dalili gani.

Metroni akaivaa miwani.

"Hiyo ni ripoti au ni barza ya kahawa?"

"Ni ripoti, Metroni."

"Gari la wafanyakazi wa Ukunda linaondoka kwa wakati. Wauguzi wakilikosa watatembea, na wakitembea watakuja kunililia mimi. Na wewe unataka wakae vitandani wakiulizana hofu?"

"Nataka wafikiri kwa sauti, ili mwenzao asikie."

"Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Nikipata lalamiko moja la maana, mnarudi mezani na sitaki kulisikia tena."

Huo ndio uliokuwa mtihani wetu. Na nikuambie ukweli, siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Wengine waliona aibu kuulizwa mbele ya mgonjwa. Wengine walijibu kwa kubahatisha. Mwinyi ndiye aliyetuchosha kwa mzaha.

"Kitanda cha tano," alisema siku moja kwa sauti ya khatibu, "ana malaria, ametumia dawa, anakula. Hofu yangu ni kwamba atamaliza uji wa wodi nzima."

"Na utajua kwa dalili gani?" Mueni akamwuliza, uso hauna hata tabasamu.

"Kwa kelele za kitanda cha sita."

Hata mgonjwa wa kitanda cha tano alicheka. Niliwaacha. Mtu anayecheka kando ya kitanda angalau amefika kando ya kitanda. Pole pole nikaanza kusikia majibu mengine. "Nahofia mguu huu, kwa sababu plasta ni mpya na vidole vimeanza kuvimba." "Nahofia sukari yake, kwa sababu amechomwa sindano na chakula hajagusa." Haya hayakuwa maajabu. Ni mambo yaliyokuwamo vichwani mwao siku zote, ila hakuna aliyekuwa akiyaulizia.

Mwezi ulipokaribia kwisha, tukampokea Bwana Hamisi wa Gazi.

Bwana Hamisi alikuwa mkwezi. Kazi yake ilikuwa kupanda minazi na kuangua nazi, na aliifanya tangu ujanani mpaka mvi zikamwingia. Kamba ya miguuni ilimteleza akaanguka, akapiga ubavu wa kushoto juu ya gogo. Aliletwa na mkewe, Bi Mwanakombo. Daktari akampima, akaona ubavu umeumia lakini tumbo ni laini, akaagiza alazwe aangaliwe. Alikaa siku kadhaa, akala, akatembea mwenyewe hadi chooni. Asubuhi ya siku ninayokusimulia, daktari alipozunguka wodi akamkuta ameketi.

"Hujambo, mzee?"

"Sijambo, Daktari. Alhamdulillahi, njema."

Daktari akaandika aruhusiwe. Bi Mwanakombo akafua kanzu yake, akaianika kwenye ua wa hospitali ikauke wapate kuondoka kabla jua halijashuka.

Ukafika mchana, wakati wa kubadilishana zamu. Mwinyi alikuwa anatoka, Mueni anaingia, nami nilikuwa nimesimama nyuma yao kama kawaida yangu. Wakafika kitanda cha nane.

"Huyu ni Bwana Hamisi," akasema Mwinyi, "mnamjua. Alikosana na mnazi. Daktari amemruhusu, anangoja kanzu ikauke. Twende cha tisa."

Mueni hakusogea. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Wewe je, baba? Hali yako?"

"Njema, alhamdulillahi."

Hapo awali Mueni angekwisha kufika kitanda cha tisa. Lakini alivuta kigoda, akaketi, akamwuliza habari za Gazi, na za wajukuu, na kama nazi zinapata bei. Mzee akajibu moja moja. Nje tulisikia dereva wa gari la wafanyakazi akipiga honi. Mwinyi akahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

"Mwanangu," akasema, "nazi za Gazi ni nzuri mno. Honi ile unaisikia?"

Mueni akanyamaza tu, kiganja chake juu ya mkono wa mzee. Na katika kimya kile Bwana Hamisi akajikohoza kidogo, akasema kama mtu anayeomba radhi:

"Ni hili bega tu. Nadhani nimelilalia vibaya. Si kitu."

"Bega gani, baba?"

Akaligusa. Lilikuwa la kushoto.

Mueni akamgeukia Mwinyi. "Nesi Mwinyi, unahofia nini juu ya mgonjwa huyu?"

"Nimekwambia ameruhusiwa. Sihofii—" Akajizuia mwenyewe, kwa sababu jibu hilo lilikuwa limepigwa marufuku na alilijua. Akavuta pumzi, akaanza kama mtu anayelipa deni la lazima. "Haya. Kama ningehofia kitu, alianguka kwa ubavu wa kushoto. Chini ya mbavu za kushoto kuna bandama. Bandama ikichanika kidogo inaweza kushika damu yake ndani kwa siku kadhaa kama mfuko, kisha mfuko ukaachia. Na ningejua kwa dalili ya..."

Mzaha ulimtoka usoni kama maji kwenye mchanga. Aliinama akachukua chati iliyokuwa ikining'inia miguuni mwa kitanda, nami nikasogea tukaitazama pamoja. Vipimo vya mapigo ya moyo vilikuwa vimeandikwa vizuri, zamu baada ya zamu. Hakuna hata kimoja ambacho peke yake kingemshtua mtu. Lakini ukivitazama kwa pamoja, vilikuwa vikipanda kama ngazi, kipimo kwa kipimo, tangu jana. Kila muuguzi alikuwa ameona kipandio chake tu.

"Bega," akasema Mwinyi kwa sauti ndogo. "Sista, bega la kushoto."

Nikueleze hapa, maana ni jambo linalofaa kulijua. Damu ikimwagika ndani ya tumbo huufikia ule msuli mpana unaotenganisha tumbo na kifua. Neva ya msuli huo inatoka shingoni, karibu na neva zinazolihudumia bega. Basi ubongo hudanganyika, na mtu huhisi maumivu begani wakati kidonda kiko tumboni. Mwinyi alikuwa akilijua hilo tangu chuoni. Mimi pia. Lakini bega halikuwamo kwenye kadeksi, kwa kuwa mzee mwenye adabu zake hakuwa amelitaja, na mapigo yaliyopanda hayakuwa na jirani wa kuyafasiri mpaka bega liliposemwa. Ilibidi watu wawili wasimame mahali pamoja ili mambo mawili yakutane.

"Mlaze," nikamwambia Mueni. "Asinyanyuke. Mwinyi, weka dripu, mshipa mnene. Presha sasa hivi."

"Na gari lako?" Mueni akamwuliza Mwinyi.

"Gari na liende. Leta mpira wa kufungia mkono."

Presha ilikuwa imeanza kushuka. Nikatoka mbio, na mimi si mtu wa kukimbia, nikamkuta Daktari kwenye chumba cha wagonjwa wa nje, foleni imemzunguka.

"Daktari, nakuomba kitanda cha nane."

"Yule mkwezi? Nimeshamruhusu, Sista."

"Nahofia bandama yake inavuja. Mapigo yanapanda tangu jana, presha imeanza kushuka, na sasa hivi amesema bega la kushoto linamwuma."

Sikusema zaidi. Haya ndiyo yale maneno machache ya kando ya gari la Mkongani, na sababu zake kama nilivyofunzwa Samburu. Daktari aliweka kalamu chini na kuinuka bila kuniuliza swali la pili. Alipofika akaliminya tumbo la mzee, na safari hii halikuwa laini. Akachoma sindano ubavuni, akavuta, bomba likajaa damu.

"Thieta, tumpasue," akasema. "Na nitafutieni damu."

Akiba ya damu ilikuwa chache, kwa hiyo ilibidi ndugu wachangie. Bi Mwanakombo alikuwa uani akikunja kanzu iliyokwisha kukauka. Nilimkalisha, nikamwambia yote bila kumficha. Alinisikiliza, kisha akauliza swali moja.

"Mnataka watu wangapi?"

"Wengi uwezavyo."

Akatoka. Hatukuwa na simu za mkononi siku hizo. Alisimamisha pikapu ya kubeba nazi iliyokuwa ikipita barabarani, na haikupita muda mrefu pikapu hiyo ikarudi imejaa wakwezi wa Gazi, miguu peku, mapanga bado viunoni. Mlinzi wa lango alidhani ni vita. Watu wale hupanda mnazi mrefu kuliko paa la hospitali bila kupepesa, lakini walipoiona sindano ya kutolea damu mmoja wao alikaa chini ghafla, na mwingine akasema anakumbuka ameacha mbuzi hajamfunga.

"Mbuzi atakungoja," Mueni akamwambia, amemshika mkono. "Kaa hapa, kaka yangu. Hii ni fupi kuliko mnazi."

"Dada, mnazi hauna ncha."

"Angalia dirishani basi. Hesabu mashuka kwenye kamba."

Walitoa wote. Hata mwenye mbuzi alitoa.

Daktari aliitoa bandama iliyochanika, akafunga mshipa, na Bwana Hamisi akatoka thieta akiwa hai. Nilikuwa mlangoni. Mwinyi, ambaye gari lake lilikuwa limekwisha kufika Ukunda zamani, alikuwa nami. Hakusema mzaha wowote. Alisema tu, "Ningemfunga vifungo vya kanzu kwa mikono yangu hii, Sista, nikamsindikiza hadi barabarani." Nikamwambia kwamba hakumfunga vifungo, na kwamba aliyeipata bandama ile ni yeye mwenyewe, mara tu alipoulizwa. Na ndivyo ilivyokuwa. Elimu ilikuwamo kichwani mwake siku zote, imekaa kama mgeni ambaye hajakaribishwa ndani.

Habari zilimfikia Metroni kabla hazijapoa. Alikuja wodini siku ya mwisho wa mwezi, mchana, wakati wa kubadilishana zamu, akiwa ameongozana na masista wa wodi zote, ya kina mama, ya watoto, na ya wazazi. Hakunisalimu kwanza. Akawaambia wasimame watazame. Tukapita kitanda kwa kitanda, na kila mmoja akajibu swali lake. Tulipofika cha nane Mueni akasalimia.

"Shikamoo, baba. Hali?"

"Marahaba. Njema, alhamdulillahi."

Mueni akavuta kigoda. "Na ile nyingine, baba?"

Bwana Hamisi akatazama umati wa masista, akamtazama Metroni, akaona leo ndiyo leo. "Ile nyingine ni kwamba supu yenu haina chumvi. Nimenyamaza kwa adabu tu."

Wodi nzima iliangua kicheko. Metroni alivua miwani, akaipangusa kwa upindo wa sare, na niliona akijitahidi kuukaza uso. Kisha akanigeukia.

"Nilikupa mpaka mwisho wa mwezi."

"Ndiyo, Metroni."

"Huo mwisho nimeufuta." Akawageukia masista wengine. "Kuanzia kesho, wodi zote. Na gari la Ukunda litaondoka likiambiwa liondoke. Dereva nitazungumza naye mimi."

Wapishi nao walizungumzwa, maana supu ilianza kuwa na ladha.

Bwana Hamisi alipona. Alipotoka tulimweleza kwamba mtu asiye na bandama hushindwa upesi na homa, kwa hiyo asilale bila chandarua na asingoje homa ikomae. Aliacha kupanda minazi, akawa anakaa chini kuwaelekeza vijana, na nilisikia kwamba maneno yake yalikuwa makali kuliko kamba. Mwinyi alistaafu kabla yangu, baada ya kuwafundisha vijana wengi, na swali lake la kwanza kwa kila mwanafunzi aliyeletwa wodini lilikuwa lile lile aliloulizwa yeye. Mueni alipandishwa cheo, akawa sista wa wodi katika hospitali nyingine, na ripoti za wodi yake, naambiwa, hazisomwi mezani.

Nami nikafika umri wa kukabidhi funguo. Niliagwa kwa biriani na kanga doti mbili, nikarudi Waa kwenye mihogo yangu. Watu huniuliza ninachojivunia katika kazi ile, wakitaraji nitataja vyeti. Najivunia kwamba katika wodi yangu watu walipewa ruhusa ya kufikiri, na wakaitumia. Nimesikia ikisemwa kwamba kufikiri ni kipaji, kuna aliyezaliwa nacho na asiye nacho. Usikubali. Nimewaona wauguzi waliochoka, wenye vitanda vingi kuliko mikono yao, wakipata fikra kali ajabu kwa sababu tu kulikuwa na mwenzao aliyesimama mbele yao akingoja jibu. Akili ya muuguzi haikosi chakula katika kazi hii. Inachokosa mara nyingi ni mtu wa kuiuliza. Unaweza kuwa mtu huyo kuanzia leo, hata kama wewe ndiye mdogo kuliko wote katika zamu, hata kama hujajua majina yote ya dawa. Kuuliza hakuhitaji cheo.

Sasa nenda. Ukifika wodini usiketi mezani. Mshike mwenzako mkono, muende pamoja hadi kitanda kilicho karibu na mlango, na umsalimie mgonjwa. Akishajibu, hesabu pumzi zako tano kabla hujafungua mdomo tena.